Nafasi kwanza, mashini nyuma

Somo juu ya kutengeneza chumba cha kushonea nyumbani



Mwezi uliopita, nyuma ya somo la kukata na kushona, binti mumoja wa mwaka wa sita alibaki darasani wakati wenzake walikwenda kula. Akaniuliza: «Madamu, ata nikipata mashini, nitaitia wapi? Kwetu tuko batu kenda mu nyumba ya byumba mbili.» Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu, tutaona. Lakini ulizo lile lilinifuata mpaka nyumbani, kwa maana ni ulizo la kweli. Tunawafundisha miaka mingi namna ya kupima kifua na kiuno, kuchora patroni, kutia kola na mikono ya kanzu, lakini hatuwafundishi nafasi ambapo kazi ile itafanyika. Hapa masomoni meza ziko tayari na madirisha ni makubwa. Nyumbani si vile. Basi leo ninajaribu kujibu, na wavulana wasifunge ukurasa huu. Wavulana wetu wanacheka wakisikia habari ya sindano, lakini watembee barabarani wahesabu: wenye kukaa nyuma ya mashini kwenye barza za maduka, wengi wao ni wanaume.

Watu wengi wanawaza kwamba mashini ndiyo mwanzo wa kila kitu. Jamaa wanakusanya feza, zamu ya likelemba inafika, mashini inanunuliwa. Inatiwa saloni kama mugeni. Wanaifunika kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa wanatia maua ya plastiki. Kila mara binti akitaka kushona, inampasa aondoe maua, aondoe kitambaa, avute mashini karibu na mulango kusudi aone, aombe watoto watoke, kisha saa ya kula airudishe. Nyuma ya miezi kidogo anachoka. Nyuma ya mwaka mumoja mashini inauzishwa kwa bei ndogo. Nimeona jambo hili mara nyingi. Kwa hiyo ninasema kinyume cha wengi: tengeneza nafasi kwanza, mashini itafuata. Nafasi bila mashini inaweza kukupa kazi kidogo, kushona mapindo na kutia vifungo kwa mukono. Mashini bila nafasi inaweza kukuletea deni.

Deni ninalijua. Nilipomaliza masomo tulikuwa tunaishi Bukavu, upande wa Kadutu, nami nilikuwa na mashini ya mama mukubwa. Mama wa kwaya walinipa kazi ya kushona kanzu 14 kwa siku ya Pasaka, vitambaa vyote vya namna moja, rangi ya bluu yenye maua meupe. Furaha yangu haikuwa kidogo. Meza ya kukatia sikuwa nayo, nilikata juu ya meza ya kulia. Asubuhi ile watu walikula maharagwe yenye mawese juu ya meza ile, na mudogo wangu aliipangusa, lakini katikati ya mbao mbili tone moja lilibaki. Nikatandika kitambaa, nikapima, nikakata sehemu ya mbele. Nilipoinua nikaona alama nyekundu, kama ukubwa wa kifungo cha koti, pale pale kifuani. Nikaogopa, nikakimbia kutia maji ya moto na sabuni. Alama ikawa ya manjano, ikapanuka. Nilikwenda dukani, kitambaa cha namna ile kilikuwa kimekwisha. Nilizunguka soko siku mbili, sikukipata.

Siku ya Pasaka mama 13 walisimama kwa bluu. Wa 14 alisimama nyuma yao kwa kanzu yake ya zamani. Aliimba. Nyuma ya ibada alikuja kunisalimu kama siku zote, hakusema neno, na hilo lilinichoma kuliko angenikaripia mbele ya watu. Nililipa kitambaa chake kwa miezi minne.

(Kwa wenye kuuliza: leo singeanza na maji ya moto. Ningetia kwanza unga ukaushe mafuta, niukung'ute, kisha sabuni na maji baridi, kisha ningeanika juani, kwa maana rangi nyekundu ya mawese inafifia juani kidogo kidogo. Siku ile sikujua.)

Nikikumbuka sasa, mikono yangu haikukosa. Nilipima sawasawa, nilikata sawasawa. Kosa lilikuwa meza.

Na musiwaze kwamba kufanya kazi nyumbani ni jambo la kupatia haya, ao la watu waliokosa atelie muzuri. Someni Matendo ya Mitume sura ya 18. Akila na Prisila walifanya kazi ya mahema katika muji wa Korinto, na Paulo alikaa kwao akafanya kazi pamoja nao, kwa maana ufundi wao ulikuwa mumoja. Mahema ni vitambaa vizito, na vikubwa kuliko kanzu. Nyumba ile ya Korinto haikukosa mupango, hata kama Luka hakuuandika.

Mwanga

Chumba chote hakihitajiki. Kona ya metre 2 na nusu kwa metre 2 inatosha, ikiwa ni kona yenye mwanga. Bukavu na miji mingi ya Kivu iko karibu sana na mustari wa Ekwata, kwa hiyo jua linatoka saa kumi na mbili asubuhi hivi na kuingia saa kumi na mbili magaribi hivi, mwaka wote. Ni saa 12 za mwanga wa bure. Inabaki kujua dirisha gani linaupokea vizuri. Dirisha la mashariki linaleta jua kali asubuhi, la mangaribi linaleta jua kali nyuma ya saa nane. Jua likipiga juu ya kitambaa cheupe linauma macho, na kitambaa cha rangi kikilala juani siku nyingi kinapauka, tena kinapauka upande mumoja tu, ambayo ni mubaya zaidi. Dirisha la kaskazini ao la kusini linaleta mwanga wa polepole usiobadilika sana. Kama nyumba yako haina dirisha la namna hiyo, usivunje ukuta. Tia pazia nyepesi nyeupe kwenye dirisha la jua, mwanga utaingia na ukali utabaki nje. Tena paka ukuta chokaa ao udongo mweupe. Ukuta wa udongo uliojaa moshi unakula mwanga, ukuta mweupe unaurudisha.

Kabla ya kuamua, fanya hivi. Kamata kiti, sindano na uzi mweusi. Kaa kwenye kona unayoiwaza, saa mbili asubuhi, saa sita, na saa kumi. Kila mara jaribu kuingiza uzi ndani ya sindano. Pale unapoweza kwa saa zote tatu bila kukunja uso, piga alama chini kwa chaki. Pale ndipo mashini itasimama, hata kama baba alikuwa amepawazia kabati yake. (Shauri hili ulilete kwa heshima.)

Sasa angalia upande. Kwenye mashini za kawaida sindano iko upande wa kushoto, na gurudumu la mukono liko kuume. Kwa hiyo mwanga utoke kushoto na mbele kidogo. Ukitoka kuume, mwili wa mashini na mukono wako vinatia giza pale pale penye sindano. Ukitoka nyuma yako, kichwa chako kinatia giza. Mwenye kutumia mukono wa kushoto naye atafuata sheria hiyo hiyo kwa mashini, kwa sababu mashini haigeuki kumufuata. Lakini kwa kushona na sindano ya mukono atageuza kiti chake, mwanga utoke kuume.

Usiku, umeme ukiwapo ni vizuri, lakini munajua ninyi wenyewe. Taa ndogo ya jua inafaa kuliko lampi ya petroli, haitoi moshi juu ya kitambaa wala haiogopeshi kama mutoto akiipiga teke. Taa yenyewe usiitundike juu kwenye dari kwa heshima yake. Ishushe. Mwalimu wa fizika atawaonyesha kwa hesabu: taa iliyokuwa metre 1 mbali na kazi, ukiileta kwa santimetre 50, mwanga unaofika juu ya kazi unakuwa mara 4. Feza haikutoka. Na kitambaa cheusi kwa uzi mweusi, uache mpaka kesho. Macho hayana kipuri.

Meza, ao tuseme ubao

Hapa ndipo jibu la yule binti liko. Nyumba ya watu kenda haiwezi kuwa na meza mbili. Inaweza kuwa na meza moja na ubao mumoja.

Fikirini ukubwa wa kikwembe. Kipande cha yadi 6 ni karibu metre 5 na nusu, na kikwembe kimoja cha yadi 2 ni metre 1 na santimetre 83. Upana wake unakuwa karibu metre 1,15 mpaka 1,20. Ukikikunja mara mbili kwa upana, kama tunavyofanya tukikata, unapata santimetre 60 hivi. Basi ubao wa metre 1,80 kwa santimetre 80 unapokea karibu kikwembe chote kilichokunjwa, na nafasi ya makasi na chaki inabaki pembeni.

Triplex inauzishwa kwa ukubwa wa metre 2,44 kwa 1,22. Kata kwanza metre 1,80 ya urefu. Kipande hicho ukigawanye: santimetre 80 ndio ubao wa kukatia, na santimetre 42 zinazobaki, zenye urefu wa 1,80, zinakuwa ubao wa pasi. Kile kipande cha mwisho, santimetre 64 kwa metre 1,22, kiweke, kitakuwa na kazi karibu na mashini. Musumeno unakula milimetre kidogo, si kitu. Wanafunzi wa useremala wachore mupango huu kwenye daftari, wataona kwamba hakuna kipande kinachotupwa. Kama triplex ni bei kali, mulango wa zamani unafaa vilevile, ukipigwa randa na kupakwa vernisi, kusudi usivute nyuzi za kitambaa.

Wakati wa kazi ubao unalala juu ya meza ya kulia. Kazi ikikwisha, unaupangusa, unaufunga ndani ya shuka ya zamani, unausimamisha nyuma ya kitanda. Watu wanakula juu ya meza tupu kama siku zote. Lakini muwe na sheria moja ya nyumba, na iwe kali: juu ya ubao hakuna mutu anatia sahani, wala kikombe, wala mutoto. Hata mugeni.

Inabaki urefu wa kwenda juu. Meza ya kulia ina santimetre 75 hivi, na kwa kukaa kushona kwa mukono ni vizuri. Lakini kukata ni kazi ya kusimama, na mwenye kukata juu ya meza ya 75 anainama muchana kutwa. Tazameni migongo ya mafundi wazee. Simama wima, kunja mukono, pima toka chini mpaka kisugudi, kisha ondoa santimetre 10. Hiyo ndiyo meza yako ya kukatia. Kwa mutu wa metre 1,60 inakuja karibu na santimetre 90. Mwambie seremala akutengenezee vipande vine vya muti vya santimetre 15, kila kimoja na shimo juu ambamo muguu wa meza unaingia. Matofali nayo yanasaidia, lakini yanateleza, na meza inayoanguka wakati makasi yamefunguka si jambo la kucheka.

Kwenye ukingo wa ubao andika santimetre kwa wino, toka 0 mpaka 180. Lakini andika kwa kufuata metre ya chuma ya seremala. Metre ya kitambaa tunayovaa shingoni inavutika. Niko na moja iliyopata santimetre 1 na nusu zaidi, nami sikujua mpaka suruali tatu zilipokataa kufungika.

Pasi ya makala

Watu wanaogopa cheche, na wana haki. Cheche moja inatoka kwenye matundu ya pasi, inatoboa kikwembe, na tundu la moto halishoneki. Washa makala nje, ngojea yawe mekundu yote bila moshi, peperusha majivu, funga kifuniko, kisha jaribu pasi juu ya kitambaa kibaya. Iwekwe juu ya tofali, isiwekwe juu ya ubao hata dakika moja.

Lakini hatari kubwa haionekani. Makala yakiungua ndani ya chumba kisichopita hewa yanatoa hewa mbaya inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haitoi machozi kama moshi wa kuni. Inashika nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mwanzo ni kichwa kuuma na kizunguzungu, kama mutu aliyechoka na kazi, kisha kutapika na usingizi. Mushonaji mwenye kazi nyingi anasema: nimechoka tu, nimalize kanzu hii. Anafunga mulango juu ya baridi ya usiku. Watu wamekufa hivyo, tena pamoja na watoto waliolala karibu. Kwa hiyo nafasi ya pasi si ndani ya kona. Nafasi yake ni kwenye barza, ao mulangoni kabisa na mulango wazi. Mvua ikinyesha sana, acha kupiga pasi, endelea na mapindo. Mukisikia kichwa kinauma mukipiga pasi, tokeni nje mara moja, na wote walio ndani watoke.

Ule ubao wa santimetre 42 ufunge blanketi ya zamani iliyokunjwa mara mbili, juu yake kitambaa cheupe cha pamba. Ulaze ncha moja dirishani na ncha ya pili juu ya kiti, ao juu ya ukuta mufupi wa barza.

Mashini

Sasa tu ninafika kwa mashini, na sitakaa sana, kwa sababu masomo yenu yanaeleza. Mufaransa mumoja jina lake Barthélemy Thimonnier, fundi wa nguo, alipata hati ya mashini yake mwaka wa 1830. Mwaka uliofuata mafundi wa Paris wakavunja mashini zake, waliogopa kukosa kazi. Mwaka wa 1851 Isaac Singer alipata hati yake kule Marekani. Nyingi za Singer nyeusi za zamani tunazoziona kwa mama zetu zilitoka Clydebank, Scotland, kwenye kiwanda kilichofungwa mwaka wa 1980. Kiwanda kimekufa, mashini zinashona. Za Butterfly zilitoka Shanghai kule China. Zote mbili za kukanyaga zinafaa kwetu kuliko ya umeme, kwa maana muguu haukatiki saa moja ya jioni.

Mashini ya kukanyaga ni nzito na inapenda kusimama sawa. Kama chini ni udongo, tia mawe bapa ao ubao munene chini ya miguu yake, kisha jaribu kuitikisa kwa mukono. Ikicheza, mustari wa mushono utacheza. Mukaba wa ngozi ukilegea, kata kidogo na kuufunga tena, usiuvute kupita kiasi. Gurudumu lizunguke kuja kwako. Likirudi nyuma uzi unakatika na kujisokota chini, ndiyo sababu wapya wanasema mashini imerogwa.

Mafuta yawe ya mashini. Mawese hapana, mafuta ya kupikia hapana, hata tone. Yanakauka na kuwa gundi, kisha mashini inakuwa nzito kama jiwe la kusagia. Sindano namba 90 inafaa kwa kikwembe. Namba hiyo ndiyo unene wake: milimetre 0,90. Kwa kitambaa kizito kama jinzi chukua 100. Sindano iliyopinda haina dawa. Mukitupa iliyovunjika, itupwe ndani ya kopo yenye kifuniko, maana ndani ya nyumba ya watu kenda kuko daima mutoto anayetambaa. Jioni hesabu mapini. Kama ni 30 asubuhi, yawe 30 jioni.

Ile triplex ya 64 kwa 1,22 iliyobaki, itie upande wa kushoto wa mashini, juu ya miguu miwili ao juu ya sanduku, iwe sawa na meza ya mashini kwa urefu. Kitambaa kinaangukia kushoto. Kikining'inia kinavuta sindano, mushono unapinda, nawe unakaza mabega kukishika. Kiti kisiwe na mikono, tena kiwe cha kukuacha ukanyage bila kunyosha muguu.

Vitambaa vya watu vilale ndani ya sanduku la chuma lenye kifuniko, mbali na ukuta. Kwetu mvua inaanza mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 5, na ukuta wa udongo unatoa maji. Panya wanapenda katoni kuliko sisi. Kila kitambaa kifungwe pamoja na karatasi ndogo yenye jina, vipimo na siku ya kukichukua. Makasi ya kitambaa yasikate karatasi, wala kucha, wala mukate. Mimi ninayafunga kwa kamba kwenye ubao, watu wa nyumba wamezoea kunicheka.

Vipande vinavyobaki

Mutu akishona mwaka mumoja, anapata mufuko wa vipande vya vikwembe. Usivitupe. Usiku wa Bukavu ni baridi, ziwa lenyewe liko karibu metre 1.460 juu ya bahari, na blanketi ya dukani ni bei kali. Kata katoni moja ngumu ya santimetre 12 kwa 12, hiyo iwe patroni yako. Acha santimetre 1 ya mushono kila upande, kila kipande kitabaki na 10 kwa 10. Kwa kitanda cha metre 1,40 kwa 1,90 unahitaji mistari 19, kila mustari vipande 14. Jumla ni vipande 266. Ni nyingi, lakini mustari mumoja kila Siku ya Posho unamaliza kazi kabla ya mwezi wa tano kwisha. Fua vipande vyote kwanza kabla ya kukata. Kipya kinaweza kujikunja kikifuliwa, na kikijikunja kitavuta jirani yake.

Mistari ikiunganishwa, hapo nafasi inasumbua, kwa kuwa ubao hautoshi. Fagia chini, tandika mukeka safi. Laza kitambaa cha chini, juu yake blanketi ya zamani iliyochakaa, juu kabisa kazi yako ya vipande. Funga tabaka tatu kwa nyuzi ndefu za mukono, ukianza katikati kwenda pembeni. Ukianza pembeni, makunjo yote yanakutana katikati na hayatoki tena. Kwenye mashini vilevile, anza mushono wa katikati. Upande unaopita chini ya mukono wa mashini uviringishe kama mukeka, kwa maana nafasi ile ni ndogo. Muzigo unaobaki ulale juu ya ubao wa kushoto. Bila ubao ule kazi hii inashinda mutu mumoja, inampasa ndugu ashike, na ndugu anachoka mbele ya mustari wa tatu.

Yule binti alirudi nyumbani kwa wikendi na metre. Ameniletea karatasi. Ubao unapita mulangoni, unasimama nyuma ya kitanda cha wazazi, baba amekubali. Dirisha zuri ni la chumba ambamo kaka zake wawili wanalala, nao wanakataa kuamka saa mbili siku ya mapumziko. Tungali tunatafuta.

Maulizo

1. Chora nyumba yenu, onyesha madirisha na upande jua linatokea. Tia alama pale ambapo uzi uliingia ndani ya sindano saa zote tatu.

2. Pima kisugudi chako ukisimama. Meza yako ya kukatia iwe na santimetre ngapi? Meza ya nyumbani inakosa ngapi?

3. Kitanda ni metre 1,20 kwa 1,90. Vipande vingapi vya 10 kwa 10 vinahitajika?

4. Nyumbani kwenu watu wanapiga pasi wapi, na mulango unakuwa wazi ao umefungwa?

Majibu yaletwe kwangu mbele ya Siku ya Posho. Mwenye kuwa na shauri juu ya wale kaka wawili, aliandike pia.